Homoni za kunenepesha ng'ombe, faida anaila nani?

SWALI: Nanenepesha maksai wa kuuza. Wenzangu karibu wote wanaweka vipandikizi vya homoni, wanasema ng'ombe anaongeza kilo haraka. Kuna faida kweli au wanaofaidi ni wauza dawa tu?

JIBU: Faida ipo ndugu, cha kuangalia ni inakaa mfukoni kwa nani na kwa muda gani. Vile ni vidonge vidogo sana, vinaingizwa kwa sindano yake maalum chini ya ngozi ya sikio, vinaachia homoni kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, na maksai anatoa nyama nyingi zaidi kwa chakula kilekile. Hapo ndo pesa ilipo, maana ukishatoa hela ya kununua ng'ombe mwenyewe kinachokumaliza ni chakula. Ila kama malisho yako ni hafifu usitegemee muujiza, homoni bila chakula haifanyi kitu.

Sasa shida inakuja wakiweka wote. Nyama inajaa sokoni, bei inashuka, aliyewahi kashavuna, mlaji anakula kwa bei nafuu, na wewe ambaye hujaweka unauza bei hiyohiyo ya chini huku kila kilo imekugharimu zaidi, ndo maana wengi wanaishia kutumia hata kama hawapendi. Inaniuma kwa kweli, mfugaji mdogo anabanwa bila kosa.

Halafu kuna soko. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia nyama ya homoni kutoka nje mwaka 1989, Marekani na Canada wakashtaki mpaka Shirika la Biashara Duniani (WTO) na wakashinda 1998, mwaka uliofuata Marekani ikaruhusiwa kulipiza kwa ushuru kwenye bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola milioni 116.8 kwa mwaka, hadi jibini ya Roquefort ya Ufaransa ikapigwa ushuru wa asilimia 100, watengenezaji wake wanahusika nini na homoni jamani! Na bado Ulaya haikulegeza.

Kwahiyo kabla hujaweka, kwanza hakikisha sheria za kwenu zinaruhusu, halafu muulize mnunuzi wako nyama inaishia wapi, na kama yupo anayeongeza bei kwa ng'ombe asiye na homoni mwambie aseme ni shilingi ngapi kwa kilo. Zidisha hiyo nyongeza kwa kilo za ng'ombe mzima uiweke upande mmoja, upande wa pili weka pesa ya chakula utakayookoa ukitoa bei ya kipandikizi. Nyongeza ikiwa kubwa, achana na homoni.