Umebadilisha alteneta? Angalia choki inapata wapi umeme

Wenye pikapu za zamani za petroli hapa Mbeya wanabadilisha alteneta kwa sababu moja: wanataka taa kali za kupitia ukungu wa Isyonje bila betri kulegea. Ni kazi nzuri, naiunga mkono. Shida ni ule waya mwembamba wa choki ya umeme, yaani kibati cha kabureta kinachobana hewa injini ikiwa baridi, kisha kinafunguka polepole kwa joto la umeme.

Alteneta ya zamani ya Ford F-100 yangu ya miaka ya 1970 ilikuwa na regyuleta (kidhibiti cha volti) ya pembeni, na mgongoni ina bolti ndogo yenye herufi STA. Waya wa choki ulitokea pale. Bolti ile hutoa volti kama 7, karibu nusu ya chaji, tena injini ikizunguka tu. Ukifungua swichi ukakaa unasikiliza redio, choki haipati kitu. Ford walipanga vizuri sana hapo, na choki yao imetengenezwa kwa volti hizo.

Ukifunga alteneta yenye regyuleta ndani, soketi za nyaya zinabadilika na waya ule unabaki unaning'inia. Fundi mwenye haraka atauchomeka popote penye umeme. Usikubali auweke kwenye koili inayozipa plagi moto: gari nyingi za aina hii zina waya wa kupunguza volti pale, kwa hiyo choki inachelewa kufunguka na moto wa plagi unapungua. Kwenye waya wa taa ya chaji pia hapana, ule ni wa umeme kidogo wa kuamsha alteneta. Moja kwa moja kwenye betri ndiyo mbaya kabisa, maana choki inakaa na joto usiku kucha na asubuhi ya Julai unaikuta imeshafunguka.

Jambo la pili ni volti. Choki ya volti 12 ikipewa 7 itakawia kufunguka, na huku kwetu hilo linauma zaidi. Mji wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mchanganyiko tayari umezidi petroli. Choki ikikawia, utaona moshi mweusi, plagi zinashika masizi, petroli inashuka hadi kwenye oili. Choki ya Ford ya volti 7 ukiipa 12, inafunguka kabla injini haijapata moto na gari linazima kila ukikanyaga.

Kwa choki ya volti 12 mimi natumia rilei, swichi inayowashwa na umeme, yenye miguu iliyoandikwa namba. Namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 10, 87 inakwenda choki, 85 kwenye bodi, na 86 inapata umeme wa swichi uliopita kwenye swichi ya presha ya oili. Swichi hiyo iwe ya kuunganisha presha ikipanda. Ile ya kawaida ya taa ya oili hufanya kinyume, usiitumie hapa.

Kabureta imekalia gasketi isiyopitisha umeme vizuri, kwa hiyo vuta waya wa ethi (wa kurudisha umeme) kutoka choki hadi kwenye injini.

Kisha jaribu asubuhi, injini ikiwa baridi. Toa kifuniko cha eyaklina, kanyaga mafuta mara moja: kibati cha choki kizibe. Washa, kiangalie. Kinatakiwa kusogea polepole mpaka kisimame wima ndani ya dakika chache. Kisiposogea, weka mita kwenye waya wa choki injini ikiunguruma. Ukisoma volti 13 au 14 na ethi ni nzima, koili ya choki yenyewe imekufa.