Wote Wanatanua Mkia: Yupi Dume, Yupi Jike?

Msomaji wa Bungoma ameniandikia akiwa na hasira. Alinunua bata mzinga watano, akaambiwa dume ni mmoja tu, na sasa wote wanatanua mkia. Anataka kuwarudisha.

Dada, usiwarudishe bado. Kutanua mkia si ushahidi. Kifaranga mdogo kabisa hutanua, na majike pia hutanua wakigombania ukubwa.

Mimi nilianza hapa Njoro na ndege wa mchuuzi aliyeniapia kwamba watatu wale ni majike, "si unaona walivyo wadogo?" Walikuwa wadogo kwa sababu walikuwa wachanga! Nikawalisha, nikawajengea viota, nikasubiri mayai. Kilichokuja ni kelele: gobo-gobo-gobo kuanzia alfajiri, na jike hatoi sauti hiyo. Shemeji yangu akija kututembelea bado huulizia yale mayai, mbele ya wageni. Sawa, acheke. Siku hizi watu wa Molo na Rongai hunipigia simu kabla ya kumlipa mchuuzi, na shemeji mwenyewe huja kwangu kununua bata mzinga wa Krismasi.

Ninachoangalia kwanza ni kichwa. Dume aliyekomaa ana kichwa kisicho na manyoya, na shingo imejaa vinundu vya nyama. Akipandwa na hasira au akimtaka jike, rangi hugeuka: nyekundu, buluu, nyeupe. Kile kinyama cha juu ya mdomo hurefuka kikaning'inia kando. Cha jike hubaki kifupi, naye ana manyoya membamba yanayopanda nyuma ya shingo hadi kichwani. Kisha tazama kifua. Kwa wale wa rangi ya shaba, manyoya ya kifua cha dume huishia na ncha nyeusi, ya jike huishia na ncha nyeupe au za hudhurungi hafifu. Kwa weupe alama hii haipo, kwa hiyo rudi kichwani. Ndevu za kifuani zisikudanganye, kuna majike wanaoziota.

Hata kinyesi husema: cha dume mara nyingi ni kirefu chenye ncha iliyopinda, cha jike hujikunja pamoja.

Lakini ndugu zangu, tuna haraka mno! Tunataka kujua jinsia ya kifaranga wa juzi, halafu tunamlaumu ndege. Mpe miezi minne au mitano. Na ukiwa sokoni, simama. Mwangalie ndege akiwa ametulia, kisha akiwa amechokozwa. Muuzaji akikuharakisha, ondoka na pesa zako.

Dada wa Bungoma, wakitokea madume wawili au watatu, bakiza mmoja, anawatosha majike wako. Wengine watenge mapema uwanenepeshe wa kuuza Desemba, maana wakikomaa pamoja watapigana hadi damu, na majike watachanwa migongo kwa kupandwa ovyo.