Yankee Stadium mpya na wa zamani: ukuta wa kulia

Ndugu, umeuliza kwa nini mipira inavuka ukuta wa kulia kirahisi kwenye Yankee Stadium mpya, uwanja wa besiboli wa timu ya Yankees ya New York, ilhali futi zilizoandikwa ukutani (umbali kutoka kwa mpigaji) ni zile zile za uwanja wa zamani. Ni zile zile kweli: 314 kwenye mstari wa kulia, 408 katikati. Tatizo liko kati ya alama hizo. Ukuta wa zamani ulipinda kwenda nje; huu wa 2009 umenyooka, maana ubao wa matokeo umepachikwa ndani yake. Kuna sehemu zimesogea karibu kwa futi kadhaa, na mpigaji anayepiga kwa upande wa kushoto, ambaye mipira yake mingi huelekea kulia, anafaidi hapo hapo.

Nyuma ya mpigaji nako nafasi imekatwa kutoka futi 72 hadi 52, hivyo mpira wa juu unaorudi nyuma, ambao zamani ulikuwa unadakwa, sasa unaangukia kwa watazamaji. Viti ni vichache lakini vipana zaidi, magoti yanapumua.