Mbabula yangu inasifiwa, hainunuliwi

SWALI: Nauza mbabula (majiko) za kuokoa makala (makaa) hapa Birere, Goma. Nimezipaka kijani na kuandika «Tulinde Virunga», ile hifadhi yetu ya msitu. Watu wanasifu, halafu wananunua ile ya bati tupu kwa sababu bei yake ni rahisi. Kuna kijana anataka dola 150 aniletee alama ya «ekolojia» nibandike. Nimlipe?

JIBU: Mama, usimpe hata franka. Alama ambayo hakuna aliyepima kitu ili itolewe ni karatasi ya gundi tu, na vijana wa namna hiyo wamejaa mjini.

Lakini hao nawavumilia kuliko wale wanaokuambia wateja «hawajahamasishwa». Nimechoka na neno hilo! Mtu wa Goma anajua vizuri gunia la makala linatoka msitu gani. Akishika pesa anauliza mengine: itaniokolea ngapi, itadumu, na jirani yangu anayo? Hata Marekani ni hivyo. Utafiti uliotolewa 2008 ulijaribu kadi katika vyumba vya hoteli. Kadi ya «saidia mazingira» ilifanya wageni kama 35 kwa 100 watumie taulo tena. Iliyosema wageni wengi hapa wanafanya hivyo ilipata 44.

Basi siku ya soko washa mbabula mbili, yako na ya bati, sufuria sawa, maharagwe sawa. Pima makala kwa mizani mbele ya watu, kabla na baada, kisha piga hesabu kwa franka, si kwa miti. Anayeahidi kuokoa asilimia 80 hajawahi kupika maharagwe. Mteja agonge mwenyewe udongo wa ndani ya mbabula yako kwa kidole: mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti butu. Na anayenunua makala ya siku kwa siku hana pesa ya mbabula nzima mara moja. Uza kupitia likelemba za akina mama, vile vikundi vya kuchangiana pesa kwa zamu.

Ujanja huu hauishii kwenye mbabula. Tangu amri ya Desemba 2017 ikataze mifuko ya plastiki nchini, kuna wanaouza mifuko «inayooza». Baadhi yake ni plastiki iliyotiwa dawa ya kuivunja. Inabaki vipande vidogo vidogo usivyoweza hata kuviokota. Kuna sabuni «za bio», kuna rangi «za bio». Muuzaji mwulize nani alipima, kwa kifaa gani, na karatasi ya matokeo iko wapi. Akianza kukuhubiria juu ya watoto wetu wa kesho, funga pochi.