Konsoli ya Mkononi Haiwezi Kurithi Kazi ya Kadi ya Mezani

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kondele. Nina chumba kidogo cha kuchezea gemu, na kompyuta yangu kubwa ina kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) ya Radeon RX 6600. Binamu yangu aliye ng'ambo anataka kunitumia Steam Deck, konsoli ya gemu ya kushika mkononi, naye anashikilia kwamba grafiki zake ni za ukoo mmoja na kadi yangu, hivyo niiuze kompyuta na kukiunganisha kifaa hicho na televisheni ya wateja. Je, ni kweli?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kuhusu ukoo, binamu yako hakukosea. Kadi yako, iliyotoka mwaka 2021, na chipu ya Steam Deck, iliyoingia sokoni Februari 2022, zote ni za kampuni ya AMD na zimejengwa kwa usanifu mmoja uitwao RDNA 2. Zimezaliwa nyumba moja, lakini hazikulishwa sahani moja.

Chakula chenyewe ni stima. Chipu nzima ya Steam Deck, pamoja na kichakataji chake kikuu, hupewa wati 15 kwa kiwango cha juu, ilhali kadi yako peke yake imetengewa wati 132. Betri ya Steam Deck ya kwanza hubeba watisaa 40. Kadi yako ingeimaliza kwa dakika 18 hivi, kabla kipindi cha kwanza cha mechi hakijafika nusu. (Wati hizo zote huishia kuwa joto, nawe unalijua joto la Kisumu saa nane mchana.)

Kwa mgao huo mdogo, Steam Deck ina vitengo 8 vya kukokotoa vinavyofikia gigahezi 1.6, na kadi yako ina 28 vinavyokaribia gigahezi 2.5, yaani uwezo wa kukokotoa unaozidi mara tano. Kumbukumbu nayo ni tatizo, kwa sababu ile ya Steam Deck ya kwanza hupitisha gigabaiti 88 kwa sekunde, na njia hiyo grafiki huigawana na kichakataji, wakati kadi yako ina gigabaiti 224 kwa sekunde zisizogawanwa na yeyote.

Mbona basi gemu zinapendeza kwenye kifaa hicho? Siri iko kwenye kioo. Kioo cha Steam Deck ya kwanza, cha inchi 7, kina pikseli 1280 kwa 800, yaani zipatazo milioni moja, na kwa udogo wake jicho halioni kasoro nyingi. Ukikiunganisha na televisheni na kutaka picha ya 1920 kwa 1080, pikseli huongezeka maradufu, lakini chipu hubaki na wati zake zile zile 15. Hapo fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, hupungua, au unalazimika kuchora picha ndogo na kuitanua, na mteja aliyelipa ataona ukungu kwenye nyasi za uwanja.

Isitoshe, Steam Deck huendeshwa na SteamOS, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux badala ya Windows, na baadhi ya gemu zenye programu za kuzuia udanganyifu hukataa kufunguka humo.

Ushauri wangu ni uipokee zawadi na ubaki na kompyuta. Stima ikipotea, Steam Deck itaendelea kumhudumia mteja mmoja. Ukitaka kujihakikishia, iunganishe na televisheni kwa 1080p (ile picha ya 1920 kwa 1080), ufungue gemu moja inayopendwa na wateja wako, kisha uwashe kipimo cha utendaji kilichomo ndani yake, ambacho huonyesha kwenye kioo idadi ya fremu kwa sekunde.