Kliniki ya chuo Marekani: yajue haya kabla hujaugua

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Marekani, habari za afya hutolewa siku za mwanzo, wakati kila mtu anawaza kufungua akaunti ya benki na kutafuta koti la baridi. Zinapita hivyo hivyo. Nawaandikia hasa mnaokuja Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, ninakokufahamu, ingawa vyuo vingine vikubwa vya utafiti vinakwenda kwa utaratibu unaofanana.

Kwanza elewa kwamba kliniki ya chuo umeshailipia. Kule Madison kliniki hiyo inaitwa UHS (University Health Services, yaani Huduma za Afya za Chuo), iko mtaa wa East Campus Mall, na inaendeshwa kwa sehemu ya ada unazolipa kila muhula. Ndiyo maana ukienda kumwona daktari wa kawaida au mshauri nasaha hutozwi. Bima ni jambo la pili. Mwanafunzi wa kigeni huwa na bima ya wanafunzi, au bima ya wafanyakazi ikiwa ameajiriwa kama msaidizi wa kufundisha au wa utafiti, na hiyo hasa ni ya hospitali za nje, kulazwa na matibabu makubwa. Wengi wetu tunavichanganya viwili hivi. Mtu amesikia habari za bili za Marekani, basi anabaki chumbani na homa, anameza dawa alizokuja nazo kwenye begi, ilhali kumwona daktari pale chuoni asingedaiwa kitu.

Kabla hujasafiri, tafuta kadi yako ya kliniki ya utotoni. Vyuo vingi hutaka uthibitisho wa dozi mbili za chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Kwetu Tanzania chanjo ya surua na rubela kwa pamoja ilianza mwaka 2014, kwa hiyo wengi wenu kadi inaonyesha surua peke yake, na matubwitubwi hayamo kabisa. Usihangaike kutafuta karatasi ya kuziba pengo. Peleka kadi uliyo nayo, utachomwa zilizobaki. Ila uliza kwanza kama chanjo hiyo ina malipo pale chuoni na kama bima yako inayabeba.

Kuhusu kifua kikuu nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanaogopa bure. Ukitoka nchi zetu, yaelekea utaombwa kupima. Kipimo cha ngozi huchomwa kwenye mkono, unarudi baada ya saa 48 hadi 72, muuguzi anapima uvimbe kwa milimita. Shida ni kwamba BCG, chanjo ya kifua kikuu tuliyopata tukiwa wachanga, ile iliyotuachia kovu (Mtanzania kwenye bega la kulia, Mkenya kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko), inaweza kukifanya kipimo hicho kionyeshe maambukizi yasiyokuwapo. Kipimo cha damu hakiyumbishwi na BCG. Omba hicho, na mwonyeshe muuguzi kovu lako.

Na kama damu nayo ikionyesha maambukizi? Utapigwa picha ya kifua. Ikiwa safi na huna dalili, maana yake vimelea vimelala mwilini, hujamwambukiza mtu na huwezi kumwambukiza. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu duniani wako hivyo. Daktari atakushauri dawa ya kuzuia ugonjwa usiamke, mara nyingi rifampisini kila siku kwa miezi 4. Mkojo utageuka rangi ya machungwa, usishtuke. Dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambieni daktari, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Imalizeni dozi. Kuwa na vimelea vilivyolala si kosa wala aibu, na hakukunyimi nafasi yako darasani.

Malaria ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Ukikaa Madison mwaka mmoja au miwili, kinga uliyokuwa nayo nyumbani inapungua. Unakwenda kusalimia wazee mwezi wa Desemba, unarudi Januari, wiki ya pili homa inapanda. Januari ni msimu wa mafua makali. Utapimwa mafua, utapimwa UVIKO, utaambiwa upumzike na unywe maji. Marekani nzima hupata wagonjwa wa malaria kama 2,000 tu kwa mwaka, karibu wote wakiwa wametoka safari, kwa hiyo yupo daktari mzuri kabisa ambaye hajawahi kumwona hata mmoja. Usisubiri akuulize. Sema mwenyewe, tangu kwenye simu ya kuomba miadi: "Nimerudi kutoka Tanzania wiki mbili zilizopita, nina homa, naomba nipimwe malaria leo." Neno "leo" lisisitize. Wakikwambia miadi ipo keshokutwa, au kliniki imefungwa, nenda chumba cha dharura cha hospitali. Homa baada ya safari ya kwetu ni dharura, bili itajadiliwa baadaye. Vipimajoto vyao husoma Farenhaiti, na 100.4 ndiyo 38 yetu. Na kabla ya kwenda likizo, pita kliniki uandikiwe dawa ya kinga. Najua inaonekana ajabu mtu kunywa kinga ya malaria akienda kwao, lakini mwili wako sasa ni wa mgeni.

Dawa za antibayotiki huwezi kununua dirishani kama kwenye maduka yetu ya dawa. Lazima uandikiwe.

Ukipelekwa hospitali ya nje, hakikisha ina mkataba na bima yako. Baadaye bima itakutumia karatasi yenye tarakimu za kutisha. Isome juu: huwa imeandikwa kwamba hiyo si bili. Ni maelezo ya walichodaiwa na walicholipa. Bili halisi hutoka hospitali, na ukiona haieleweki, piga simu uombe mchanganuo au ulipe kidogo kidogo. Wanakubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Mnaofanya kazi maabara: ukijichoma sindano au ukimwagikiwa kemikali, osha papo hapo kwa maji mengi, toa taarifa, uende kutibiwa saa hiyo hiyo. Kama ni damu ya binadamu, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Ikiwa umeumia kwenye kazi unayolipwa, gharama ni za mwajiri. Msimwogope profesa.

Kuna baridi, halafu kuna giza. Desemba Madison jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Usingizi ukiharibika, chakula kikikosa ladha, barua pepe za msimamizi zikikutia kichefuchefu, nenda kwa washauri nasaha palepale kliniki. Msimamizi wako hataambiwa, wazazi hawataambiwa. Siri huvunjwa pale tu maisha ya mtu yakiwa hatarini au mambo mengine machache yaliyotajwa na sheria, na watakueleza hayo siku ya kwanza. Usiku ukizidiwa na mawazo ya kujidhuru, piga 988, namba ya nchi nzima iliyoanza Julai 2022. Kusali na kuongea na nyumbani kunasaidia sana, sikatazi. Vifanye vyote.

Ukikaribia kuhitimu, huduma ya kliniki huisha pamoja na uanafunzi. Omba nakala za chanjo na vipimo vyako mapema, hasa ile picha ya kifua na cheti cha kumaliza dawa, kwa sababu mwajiri au chuo kijacho kitakuuliza tena maswali yale yale.