Kabla ya Kununua Kipimo cha Homoni ya Msongo

Msomaji mmoja anayehudumia wazee huku Uingereza ameniuliza kama anunue kipimo cha kotisoli, yaani homoni ya msongo, cha kufanyia nyumbani, kwa sababu anaamka amechoka kana kwamba hakulala. Namjibu hapa kwa kuwa swali hilo lilikuwa langu enzi za zamu za usiku, msimamizi wangu alipouita uchovu wangu uvivu mbele ya wenzangu, neno ambalo hadi leo linaniuma.

Kazi yenyewe si ngumu: unatema mate katika vichupa vinne, kuanzia asubuhi hadi wakati wa kulala, bila kula wala kupiga mswaki muda mfupi kabla, kwani damu ya fizi huharibu sampuli, kisha unavituma kwa posta. Kotisoli hutolewa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kwa kawaida hufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka mpaka karibu na usiku wa manane. Mchoro wa majibu yangu ulikwenda kombo, jambo lisiloshangaza kwa mtu anayelala mchana, lakini kampuni iliyoniuzia kipimo ilidai kwamba tezi zangu zimechoka na ikanipa orodha ya vidonge vyake. Sikununua hata kimoja, na ninajivunia hilo.

Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, hakiutambui ugonjwa huo wa tezi kuchoka. Unaotambuliwa ni ule ambao Thomas Addison aliueleza mwaka 1855, ambapo tezi zinashindwa kazi kweli: mgonjwa hukonda, ngozi huwa nyeusi zaidi, hutamani chumvi na huona kizunguzungu anaposimama. Huo huthibitishwa hospitalini, kwa damu ya asubuhi na sindano ya kuziamsha tezi. Na ninyi dada zangu mnaojipaka mkorogo, mwambieni daktari ukweli, maana krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali, dawa za jamii ya kotisoli, kama klobetasoli, ambayo ikitumika kwa muda mrefu huweza kuzilaza tezi hizo, na kuiacha ghafla bila ushauri kuna hatari yake.

Mimi nilikwenda kwa daktari na mchoro wangu. Hakuutazama sana, akaagiza damu. Akiba ya madini ya chuma ilikuwa imekauka kwa sababu ya hedhi nzito niliyoizoea tangu usichana, tena nilikuwa nikishushia kila mlo kwa chai, ambayo hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo. Msimamizi hakuwahi kuniomba radhi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, omba kwanza upimwe wingi wa damu, akiba ya chuma, tezi ya shingo na sukari, na umuulize unayeishi naye kama unakoroma hadi pumzi inakatika. Ikiwa vichupa umeshavinunua, andika saa ulizolala na dawa unazotumia, kisha upeleke karatasi hiyo kwa daktari pamoja na majibu.